Saa Sabini na Mbili

Jumanne, saa mbili asubuhi, Veyula.
Upepo wa Julai unachuna midomo.
Leokadia, bibi mifugo wa kata,
anamnyoa Bajeti shingoni mahali pawili,
juu na chini, upana wa kiganja cha mtoto.
Anaikunja ngozi, anaibana kwa kipimo chenye taya.
"Milimita nane. Andika."
Naandika.

Bajeti, kwa sababu nilimnunua
juma lile waheshimiwa walipokuwa wakigonga meza
na mjini hakuna kitanda cha mgeni.
Lita kumi na nne kwa siku, majani yakiwepo;
tisa, tukibaki na mabua ya mtama na mashudu.
Bati kumi na mbili za nyumba hii,
kiwele chake ndicho kilichotia sahihi.

Sindano mbili ndogo. Mbu wa Bahi anauma zaidi.
"Nitarudi Ijumaa, saa hizi hizi.
Msikande, msipake mafuta.
Ngozi inakumbuka, Mama Yoeli. Tuiachie muda iseme."

Daftari langu la miraba lina kila kitu:
siku aliyopandishwa, siku aliyomzaa Nyongeza,
lita za asubuhi, lita za jioni.
Februari nimeandika: amekohoa mara mbili, baada ya maji.
Machi: amekohoa. Vumbi?
Alama ile ya kuuliza niliiweka mimi,
na ni mimi niliyefunua ukurasa mwingine.

Mwaka juzi Chilewa, mume wangu,
alimeza vidonge miezi sita,
mkojo mwekundu kama maji ya zabibu.
Zahanati ilipima watoto, ikampima na mpangaji.
Hakuna aliyeuliza habari za bandani.
Usiku wa Jumatano tumelala chali, sote macho,
na swali liko katikati yetu kama mtoto mwenye homa:
nani alimkohoa nani?

Alhamisi, giza likiingia, akaja Mbukwa dalali.
Hakukaa.
"Leo bado ni ng'ombe. Kesho atakuwa karatasi.
Jumamosi mnadani nampata mtu wa Manyoni,
hajui Veyula, hakujui wewe."
Akataja fedha. Nikazihesabu kichwani, mara mbili,
kisha, bila kutaka, nikawahesabu na wa Manyoni:
mama, kibuyu, kitoto kinachoonja povu kwa kidole.
Sikumjibu kwa hekima yoyote.
Nilimwambia mlenda unafurika jikoni, nikaingia ndani.

Ijumaa sikuhitaji kipimo.
Uvimbe umekaa shingoni kama kiazi chini ya shuka.
Juu, sindano ya kifua cha ndege: kumi.
Chini, ya ng'ombe: ishirini na tatu.
Leokadia akapima tena, akafuta miwani, akapima tena.
"Fidia sina, Mama. Nina fomu."

Machinjioni mkaguzi alipasua pafu, akaniita.
Punje. Ndogo, za manjano, zimebanana
kama suke la uwele mwezi wa tano.
Nimezaliwa kwa watu wanaojua kuhesabu mavuno.
Hayo sikuyahesabu.

Sasa Nyongeza ana zizi lake na ndoo yake,
na maziwa anayokunywa yamechemka kwanza.
Chilewa ametoboa madirisha mawili bandani, upande wa upepo;
akipiga nyundo anapumzika, anasikiliza kifua chake.
Wateja wanne hawaji tena.
Bi. Perusi alikuja, akasimama mlangoni na chupa tupu,
akauliza yachemke mpaka lini.
Mpaka yapande, nikamwambia, uyakoroge, yapande tena.
Siku sitini, halafu sindano kwa watano waliobaki.
Wakipita, siku sitini nyingine.

Kila alfajiri mkono unaanzia safu ya kwanza, ya Bajeti,
unakuta hakuna, unasogea.

Leo jioni Nyongeza amekohoa mara moja.
Nimeandika.
Sikuweka alama ya kuuliza.